Kola Inayofungwa kwa Nyuma

Kila asubuhi, kabla sijafungua banda, nilikuwa namfunga mama mtandio shingoni. Alikaa kwenye kiti cha plastiki karibu na dirisha, akainua kidevu kama mtoto anayefungwa vifungo vya sare ya shule, nami nikauzungusha mtandio taratibu, nikianza na upande wa kushoto uliokuwa umevimba zaidi, kisha nikaichomeka ncha kwa ndani. Hatukuwa tunaongea wakati huo. Nikimaliza alinipapasa mkono, ndipo nilipokwenda kutoa turubai juu ya cherehani na kuanza kazi.

Asubuhi ile alinishika mkono kabla sijauzungusha.

"Acha, mama," akasema.

Mama yangu huniita mama. Nimepewa jina la mama yake, Paskazia, na yeye tangu nizaliwe hajawahi kunitaja kwa jina hilo, hata alipokuwa amenikasirikia.

"Nikufunge kidogo tu. Kuna upepo leo."

"Nimesema acha. Kaniletee ile picha ya bibi yako."

Picha hiyo ilikuwa imetundikwa juu ya kabati la vyombo. Bibi amesimama mbele ya kanisa la misheni, Ukerewe, siku ya harusi yake, na babu yuko pembeni, amekakamaa kama mtu anayesubiri kuchomwa sindano. Gauni la bibi ni jeupe la kawaida, halina pambo lolote. Lakini shingoni amevaa kola ya lesi iliyosimama hadi chini ya kidevu, kisha ikateremka na kufunika mabega yote mawili kama jani pana. Mama alishanisimulia habari zake mara nyingi. Kola ilikuwa moja tu pale misheni, masista walikuja nayo kutoka kwao. Kila bibi harusi aliazimwa akaivaa Jumamosi, na Jumatatu akairudisha ikiwa imefuliwa na kupigwa pasi.

Mama aliifuta picha kwa kiganja, akanirudishia.

"Nishonee hii."

Nilifurahi, siwezi kuficha. Kwa miezi mingi hakuwa ameomba kitu chochote zaidi ya uji mwepesi na maji. Nilifikiri mara moja habari ya Gladness, binti wa mama mdogo, aliyekuwa anafanyiwa sendofu, sherehe ya kumuaga bibi harusi, kule Sengerema mwezi uliofuata. Nikaona mama anataka kwenda, na anataka kuficha shingo kwa kitu kizuri kuliko mtandio.

"Gladness atafurahi kweli," nikasema.

Mama aliniangalia muda kidogo. "Atafurahi," akajibu. "Ila usinunue kitu. Tumia kilichomo humu ndani."

Sauti yake siku hizo ilikuwa imebaki ya kunong'ona. Mwanamke huyu aliuza dagaa kwenye soko la samaki la mwaloni Kirumba miaka na miaka, na wenzake walikuwa wakisema akimwita mchukuzi kutoka upande huu, anageuka na wa upande ule. Sasa ilibidi niiname ndipo nimsikie.

Mimi na kaka yangu Machibya tulijua kwa nini. Tulimpeleka hospitali wakati wa mvua. Daktari alimwita kaka peke yake, mimi nikabaki kwenye benchi nimemshikia mama mkoba. Kaka alipotoka alinivuta hadi kwenye maegesho ya pikipiki.

"Ni saratani," akasema. "Imeshaingia kwenye njia ya hewa. Hawawezi kukata. Wamesema tumrudishe nyumbani tumtunze."

Niliukumbatia mkoba wa mama.

"Sasa nisikilize. Mama asijue. Umesikia, Paskazia? Nakufahamu, wewe ukiwa na jambo linaonekana usoni. Mama tutamwambia ni goita, atatumia dawa itanywea. Akijua ataacha kula, ataacha kila kitu."

Akarudi ndani, akamwambia mama ni goita, akacheka kabisa wakati anasema. Mama akasema, "Basi afadhali." Njiani kurudi nyumbani Mabatini aligeuza uso dirishani, akaliangalia ziwa mpaka lilipojificha nyuma ya nyumba.

Nilisomea ushonaji na ubunifu wa mavazi chuoni. Tulikuwa na somo la historia ya mavazi, na mimi ndiye niliyejua majibu lakini sikunyoosha mkono hata siku moja. Kola za namna ile tulizichora tu kwenye karatasi. Sikuwahi kushona hata moja.

Nilianza kwa kutafuta kitambaa. Kwenye kapu la mabaki kulikuwa na neti iliyobaki kwenye shela ya bibi harusi mmoja, nyepesi, haina doa. Lesi yenyewe niliikosa. Mama alinyoosha kidole kwenye dirisha la sebuleni. Lilikuwa na pazia la lesi alilolinunua biashara ilipokuwa nzuri, lenye maua makubwa, pindo lake limeliwa na jua.

"Lile," akasema.

"Sebule itabaki wazi, mama. Watu watachungulia."

"Wachungulie."

Nililishusha, nikalifua, nikalianika uani. Kisha nikampima shingo. Nilizungusha futi kwa uangalifu mkubwa, na bado alifumba macho nilipogusa chini ya sikio. Nikachora kielelezo kwenye gazeti: ukanda wa kusimama, na chini yake kipande cha mviringo cha mabegani. Ukanda usipokatwa kwa kupinda, unaacha nafasi nyuma na kubana koo mbele, kwa hiyo nilirudia kuuchora mpaka ukakaa sawa. Wiki iliyofuata nilijaribisha gazeti lile shingoni mwake. Halikufika. Shingo ilikuwa imeongezeka.

Nililikunja haraka nikilificha kiganjani.

"Nilikosea kupima," nikasema.

"Kata kingine," mama akasema. "Na acha nafasi. Nyingi."

Kazi niliifanyia pale barazani kwenye banda, kati ya sare za shule za kupunguza na suruali za kubadilisha zipu. Nilikata maua ya pazia moja moja kwa mkasi mdogo, nikayapanga juu ya neti, makubwa mabegani, madogo yakipanda kuelekea kidevuni. Kila ua nililizungushia mishono midogo ya mkono, kisha nikageuza upande wa nyuma na kukata neti iliyokuwa chini yake ili matundu ya lesi yaonekane. Ni kazi ya kuumiza macho. Wateja walisimama kuangalia. Mmoja akaniuliza kama nashonea kwaya.

Mama alikaa nyuma yangu akifuatilia kila kitu. Kola za zamani zilisimama kwa vijiti vilivyofichwa ndani, na mimi nilikuwa navyo vya plastiki, vile tunavyoweka kwenye magauni ya harusi. Nilipovitia, alivigusa akatikisa kichwa.

"Toa. Vitanichoma nikilala."

"Kwani utalala ukumbini, mama?"

Nilicheka mwenyewe. Yeye alitabasamu kwa upande mmoja wa mdomo, kwa kuwa upande wa pili ulikuwa unamuuma.

"Nikichoka nitalala," akasema.

Nikavitoa. Badala yake niliamua mwishoni nitaikakamaza kola kwa wanga wa muhogo, kama walivyokuwa wanafanya zamani kwa vitambaa vya meza. Kwa nyuma nilikuwa nimeshona vifungo vidogo vya lulu na vitanzi vyake, safu nzima, na nilijivunia safu ile. Hivyo navyo alivikataa.

"Weka kamba. Na nyuma kote pawe wazi, mtu aniwekee kwa mbele tu."

"Lakini kwenye picha ina vifungo. Ukitazama vizuri hapa—"

"Kamba, mama."

Nilidhani ni maumivu. Shingo yake ilikuwa haigeuki tena, na kumfunga vifungo vile kungemtesa. Nikafumua, nikaweka kamba za utepe mweupe.

Siku ya kuitia rangi nilichemsha chai ya rangi kwenye sufuria kubwa, ili weupe wa neti na weupe wa pazia ufanane na uonekane wa zamani. Mama aliomba akoroge mwenyewe. Alikuwa ameshika mwiko, amefurahi kidogo, ndipo kikohozi kikamkamata. Nilikimbilia beseni nikachelewa. Damu ilidondoka kwenye ukingo wa kola iliyokuwa mapajani mwake ikisubiri zamu.

Mafundi tunajua damu inatolewa kwa maji baridi. Nilimsafisha mama kwanza, nikamlaza, kisha nikaenda bombani na ile kola. Doa lilitoka lote. Niliendelea kufikicha mahali pale hata lilipokuwa limekwisha, mpaka vidole vikafa ganzi.

Mama mdogo Sabina alikuja Jumamosi kutoka Sengerema. Yeye husikika kabla hajaonekana.

"Hodi humu! Siku hizi raha tupu, Busisi unavuka darajani kabla hujamaliza karanga zako. Zamani mpaka upande kivuko umeshapata na marafiki."

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba, fundi wangu mpole. Vipi, hujapata wa kukuposa? Au unawapima tu vipimo kisha unawaachia waondoke?"

Niliinama nikacheka. Alitua mzigo wake wa viazi, akaingia ndani kumsalimia mama, akamkuta amelala. Alitoka amenywea kidogo, lakini akaanza tena habari za sendofu, jinsi wanaume wa kamati walivyogombana kuhusu nyama na Gladness mwenyewe akawaambia yeye anakula samaki. Aliiona kola kwenye meza ya kukatia, imekauka, imepigwa pasi.

"Ee! Hii siyo ya marehemu mama kweli?" Aliinyanyua kwenye mwanga. "Umeshona wewe? Kwa mkono? Paskazia, hii ni kazi ya masista kabisa. Dada ataivaa kwa Gladness?"

"Ndiyo."

Akaigeuza. Akazishika zile kamba, akapitisha kidole kwenye uwazi wa nyuma, toka juu hadi chini. Akaacha kutabasamu.

"Mbona nyuma umepaacha hivi?"

"Mama ndiye alitaka."

"Na vijiti vya kusimamishia?"

"Alikataa. Alisema vitamchoma akilala."

Mama mdogo aliiweka kola mezani polepole, akaufuta mkono kwenye kitenge kama aliyeshika kitu cha moto. Yeye ni mmoja wa wanawake wa jumuiya yao wanaoitwa kila mwanamke anapofariki, kwenda kumuosha na kumvika.

"Sisi ndivyo tunavyo..." akaanza.

Hakuhitaji kumaliza. Maiti hainyanyui mkono kuingiza kwenye shati, wala haiinui kichwa ili ufunge vifungo. Nguo yake hupasuliwa mgongoni, ikawekwa kwa mbele, ikachomekwa pembeni, kamba zikafungwa kadiri zinavyofika. Mimi mwenyewe nimeshaletewa magauni ya marehemu pale bandani. Nimeyalaza kwenye meza ileile, nikayapasua katikati ya mgongo kwa mkasi, nikaweka kamba. Nimefanya hivyo kwa watu wengi nisiowajua, na ya mama yangu nilikuwa nimeishona kwa wiki kadhaa nikimfikiria ukumbini, akipigiwa vigelegele.

Nilikaa chini kwenye sakafu. Mama mdogo alitoka nje na simu yake.

Machibya alifika haraka kutoka dukani kwake, kofia ya pikipiki bado iko kichwani.

"Nani kamwambia?" Hakusalimia hata mteja mmoja aliyekuwa anasubiri nguo yake barazani, yule mama akajiondokea taratibu.

"Machibya, punguza sauti," mama mdogo akasema. "Mgonjwa amelala."

"Mama mdogo, naomba. Nilimwambia huyu kitu kimoja tu. Kimoja!" Akanigeukia. "Umemwambia wewe. Sema."

Nilitikisa kichwa.

"Kama hujamwambia kajuaje? Mnakaa humu ndani mnashona nguo za kuzikia mama akiwa hai! Mnamtakia nini?" Akaikamata kola. "Hii naichoma moto leo."

Niliinuka nikashika upande wa pili. Sikumbuki kuamua kufanya hivyo. Yeye alivuta, nami nikavuta, na nikasikia mshono mmoja wa bega ukikatika. Nikaachia, maana tungeendelea kuvutana, lile ua la bega lingetoka lote.

"Machibya."

Ilikuwa sauti ndogo sana, ila sote tulitulia. Mama alikuwa amesimama mlangoni, ameshika fremu kwa mikono miwili. Hakuwa na mtandio. Shingo yote ilikuwa wazi, jinsi ilivyokuwa, ngozi imenyooka ikang'aa, na watu waliokuwa wanapita barabarani walipunguza mwendo.

"Weka hiyo nguo mezani."

"Mama, rudi ndani ukapumzike. Daktari alisema—"

"Alisema nini?"

Kaka alimtazama. Akavua kofia, akaivaa tena.

"Alisema ni goita."

"Goita," mama akasema. Akavuta pumzi, ilikuwa inapita kwa mlio. "Nimekuacha useme goita tangu wakati wa mvua. Niliona inakusaidia."

Nilimsogezea kiti. Alikaa akisaidiwa na mama mdogo, na ilichukua muda kabla hajaweza kuendelea. Hakuna aliyejaribu kumsemea.

"Mnakumbuka mazishi ya mama Ngosha," akasema. "Na yeye alivimba shingo mpaka usoni. Walipofungua jeneza watu waage, wajukuu zake wakapiga kelele wakakimbia. Mtoto wake wa kumzaa alifumba macho akapita. Hakuna aliyemuaga yule mama. Waliuaga uvimbe."

"Dada," mama mdogo akasema, "si lazima useme yote leo."

"Nitasema kesho kwa koo lipi, Sabina?"

Mama mdogo akajifunika uso kwa kitenge.

"Watu wa mwaloni wote watakuja," mama akaendelea. "Wajukuu watakuja. Nataka wanitazame usoni wasiogope. Basi." Alinyoosha mkono, na Machibya akampa kola. Akaiweka mapajani, akaligusa bega lililokatika. "Tena mimi hii sikuivaa. Mama aliivaa, dada zake waliivaa. Nilipoolewa mimi masista walishaondoka nayo. Nilifunga ndoa shingo tupu."

"Mama, usiseme hivyo," Machibya akasema, lakini alisema akiwa ameugeukia ukuta.

"Siyo ya sendofu. Ni ya kunizikia. Paskazia hakuniambia kitu, usimuonee. Mimi ndiye niliyemdanganya, nilishindwa kumwambia alipofurahi vile."

Ilikuwa mara yangu ya kwanza kusikia jina langu kinywani mwake.

Kaka aliegemea ukuta mpaka akachuchumaa. Mabega yake yalikuwa yanatikisika, na ile kofia ilikuwa inagonga kwenye saruji kila akivuta pumzi. Mama mdogo alikwenda kuchuchumaa karibu naye, akaifungua kamba ya kofia kidevuni, akaitoa.

Mama alinishika mkono. Kiganja chake kilikuwa kikavu na cha moto.

"Sitaki nivikwe na watu wa hospitali. Sabina atakuelekeza. Lakini mkono uwe wako. Utanivika?"

Walikuwa wananisubiri. Mama mdogo aliitikia kwa kichwa, kunitia moyo, kama unavyomfanyia mtoto anayetakiwa kujibu ndiyo mbele ya padri. Na mimi kwa kawaida ndivyo ninavyojibu. Nilipiga magoti mbele ya kiti, nikamtazama shingoni bila kukwepesha macho, kwa mara ya kwanza tangu uvimbe ule uanze.

"Sitaki," nikasema.

"Mama—" akaanza kuniambia.

"Sitaki, mama. Nitakuvika, nitafanya kila kitu ulichosema. Lakini sitaki ufe."